RSV na wodi ya watoto: nini kinajaza vitanda, na msimu ukikaribia tuandae nini

MtabibuPwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, msimu wa RSV (kirusi cha njia ya hewa kinachowaumiza sana vichanga) unakaribia, nafungua huu uzi mapema, kabla vitanda havijaanza kulaliwa na watoto wawili wawili.

Tukitaja nimonia ya watoto, wengi wetu akili inakimbilia bakteria na sindano ya penisilini. Hesabu zimebadilika. Chanjo za bakteria wa nimonia, Hib na pneumokoka, zilipoingia (Kenya ilianza ya pneumokoka, PCV10, mwaka 2011), sehemu kubwa ya mzigo ilihamia kwa virusi. Utafiti wa PERCH uliotolewa 2019, uliofanyika katika nchi 7, Kilifi ya pwani ya Kenya ikiwemo, uliangalia watoto waliolazwa na nimonia kali ambao picha ya kifua nayo ilionyesha tatizo. Kwa wasio na VVU, virusi vilikadiriwa kuwa chanzo kwa asilimia 61, bakteria asilimia 27. RSV peke yake ilibeba asilimia 31, na hakuna kimelea kingine kilichoisogelea.

Sasa tazama makadirio ya dunia ya mwaka 2019 kwa watoto chini ya miaka 5: wagonjwa milioni 33 wa RSV iliyoshuka kifuani, waliolazwa milioni 3.6, vifo 101,400. Waliofia hospitalini ni 26,300. Yaani kati ya kila watoto wanne waliokufa, watatu hawakufia wodini. Na zaidi ya asilimia 97 ya vifo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ndiko tuliko.

Kwa hiyo mtu akikuletea takwimu za kulazwa na kukwambia "huu ndio mzigo wa RSV", mjibu kwamba huo ni mzigo wa waliopata nauli. Kilifi waliliona hili waziwazi. Kati ya 2002 na 2007, katika watoto 6,026 wenye nimonia kali na kali sana, RSV ilikutwa kwa asilimia 15, na wakati wa mlipuko asilimia 27. Kiwango cha kulazwa kilikuwa 293 kwa mwaka kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 5, na kwa wa chini ya mwaka mmoja 1,107. Ila waliokaa jirani na hospitali walilazwa mara mbili ya wengine. Sidhani kuna mtu atakayeniambia kwamba virusi vinapenda watoto wa mjini.

Waliofika, vifo vyao vilikuwa asilimia 2.2 tu. Mtoto mwenye RSV akiiwahi hospitali yenye oksijeni, kwa kawaida anarudi nyumbani. Ndiyo maana nataka tujadili vitu vya mikononi: oksijeni, kulisha, kuhesabu pumzi. Karibuni.

---

Takwimu254

Mkuu umeanza vizuri, niongeze upande wa kuhesabu, maana hapo ndipo watoto wengi wanapotea kwenye ripoti hata wakiwa wamelala kitandani.

Vituo vingi vya ufuatiliaji vilijengwa kwa ajili ya mafua ya influenza. Fasili yake ya mgonjwa wa kuhesabiwa inadai kikohozi, homa (iliyosimuliwa, au iliyopimwa nyuzi 38 au zaidi), dalili zilizoanza ndani ya siku 10, na kulazwa. Kichanga wa wiki 6 mwenye RSV mara nyingi hana homa kabisa. Anakuja na mafua, kifua kinabonyea, hanyonyi. Wakati mwingine hata kikohozi hana, anasahau tu kupumua kwa sekunde kadhaa. Karani akifuata fasili ya mafua, huyo hachukuliwi sampuli. WHO walishalirekebisha kwa ufuatiliaji wa RSV: homa si sharti, na kwa walio chini ya miezi 6, kusita kupumua kunatosha kumwingiza.

La pili, sampuli. Pamba yenye kijiti cha mti inaharibu kipimo cha PCR (kinachotafuta vinasaba vya kirusi), tumia ya plastiki yenye ncha ya nyuzi za sintetiki. Ingiza sambamba na sakafu ya pua, usielekeze juu kama unayetafuta jicho. Tia kwenye chupa ya kusafirishia virusi, weka kati ya nyuzi 2 na 8, ifike maabara ndani ya saa 72. Ikishindikana, ni friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya wodini, inayoganda na kuyeyuka kila umeme unapokatika, ni mbaya kuliko friji.

La tatu, kukuta kirusi puani si kusema ndicho kinachoua. Virusi vya mafua ya kawaida, vile vya rhino, vinakutwa hata kwa watoto wazima wanaocheza nje. RSV ni tofauti: kwa mtoto asiyeumwa haionekani mara nyingi, kwa hiyo ukiikuta kwa mgonjwa una sababu ya kuiamini.

---

MamaWawili

Madaktari wetu shikamooni. Sisi wa nyumbani tunajuaje kwamba haya si mafua ya kawaida? Kila mtoto hapa mtaani ana kamasi.

---

NesiWaZamu

Marahaba dada, swali lako ndilo la msingi kuliko yote humu.

Kamasi na kikohozi peke yake si sababu ya kukimbia hospitali. RSV inaanza hivyohivyo, kisha kwa wachache inashuka kifuani, na siku ya 3 hadi ya 5 ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyeonekana afadhali siku ya 2 usimwache bila kumtazama siku ya 4.

Mvue nguo ya juu akiwa ametulia, amelala au amepakatwa. Asiwe analia wala asiwe ametoka kunyonya sasa hivi. Hesabu tumbo au kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha kwa mbili, maana kichanga anapumua kwa vipindi: haraka, anatulia, haraka tena. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi (rudia kuhesabu, ikiwa bado 60 amini). Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi kabla ya 5, 40.

Halafu angalia chini ya mbavu. Mtoto akivuta hewa ndani, sehemu ya chini ya kifua inapaswa kutoka nje. Ikibonyea kuingia ndani kila pumzi, mpeleke leo hii. Usingoje kuche ukisikia anaguna kwa kila pumzi anayotoa, ulimi umekuwa wa buluu au kijivu, ananyonya chini ya nusu ya kawaida yake, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, au amepata degedege. Kichanga wa chini ya miezi 2 anayekataa ziwa, huyo hata kuhesabu pumzi acha, nenda.

Pua iliyoziba ndiyo inayomkosesha kunyonya, maana kichanga hajui kupumua kwa mdomo. Matone 2 au 3 ya maji ya chumvi ya dukani kila tundu kabla ya kunyonyesha, subiri kidogo, vuta kwa kipira cha kunyonyea kamasi. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi zaidi. Asali hapana chini ya mwaka 1. Mafuta yenye kafuri usimpake chini ya miaka 2. Aspirini hapana.

Na nitaje hili hata kama watu watakasirika: kikohozi cha RSV hakitokani na kimio. Mtoto anayepelekwa kukatwa kimio siku ya 3 anafika kwetu siku ya 5, anavuja damu na hawezi kumeza, na zile siku mbili ndizo alizohitaji oksijeni.

---

MamaWawili

Ahsante sana dada nesi. Na hiyo kamasi ya wakubwa zao, inahusika?

---

Takwimu254

Inahusika sana. Kilifi walifuatilia nyumba 47 msimu mzima, wakichukua sampuli za pua za kila mtu ndani ya nyumba mara kwa mara. Zaidi ya nusu ya vichanga walioambukizwa, chanzo kilikuwa mle mle nyumbani, na mara nyingi aliyekiingiza kirusi ni kaka au dada anayesoma shule. Kwa mkubwa ni mafua tu, hata shule hakosi. Kwa wa miezi miwili ni kulazwa. Mkubwa mwenye kamasi anawe mikono kabla ya kumbeba mdogo na asimbusu usoni, wiki moja tu.

---

FundiOksijeni

Nimesubiri mtu aingie kwenye oksijeni, sioni. Basi nishike mimi, na itakuwa ndefu.

Anza na oksimita, kile kifaa kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia. Klipu ya kidole cha mtu mzima ukiibana kwenye kidole cha kichanga inakupa namba, lakini namba hiyo ni ya kubahatisha. Tumia ile laini ya kuzungushia mguu au dole gumba la mguu, taa na kipokezi vikitazamana. Pasha mguu joto kama ni wa baridi. Futa rangi ya kucha. Hina haifutiki, kwa hiyo hamia mguu mwingine au kiganja. Usiandike namba hadi wimbi litulie na mapigo ya mashine yalingane na unayohesabu kifuani kwa stetoskopu. Na jueni kwamba kwa ngozi nyeusi mashine huweza kusoma juu kuliko ukweli: 91 ya mtoto anayehangaika kupumua isikutulize.

Chini ya 90, anza oksijeni. Mipira ya puani ndiyo bora kwa watoto, si barakoa inayodai lita nyingi. Chini ya miezi 2: lita 0.5 hadi 1 kwa dakika. Juu ya hapo: 1 hadi 2, ikibidi panda taratibu kwa wakubwa kidogo. Mpira wa pua usizibe tundu lote, uchukue kama nusu yake. Kwa mtiririko huo mdogo huhitaji chupa ya maji ya kulainisha hewa, na chupa isiyobadilishwa maji ni bwawa la bakteria tu. Oksijeni "ikigoma kupanda", kabla ya kuongeza lita angalia mambo manne kwa mpangilio: mpira umetoka puani? kamasi imeziba? maungio yanavuja? flomita (kipima mtiririko) yenyewe inasoma kweli? Nane kati ya kumi unalikuta hapo, na hilo ni kisio langu, si takwimu.

Sasa hesabu ya mitungi, ambayo ndiyo inayoaibisha wodi usiku wa manane. Mtungi wa saizi F una lita 1,360. Mtoto mmoja kwa lita 2 anaumaliza kwa dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Ukifungwa saa 2 usiku, saa 1 na dakika 20 asubuhi umekwisha, wakati zamu zinapokezana na hakuna anayetazama geji. Mtungi mkubwa wa J una lita 6,800, mtoto huyohuyo unampa saa 56 na dakika 40. Watoto 12 kwa wastani wa lita 1.5 ni lita 18 kwa dakika, mara 1,440 ni lita 25,920 kwa siku, karibu mitungi minne ya J kila siku. Mhasibu akikuuliza kwa nini unaomba mingi msimu wa RSV, mpe hesabu hiyo kwenye karatasi moja.

Konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 10 yenye kigawanyo cha flomita 5 inahudumia watoto watano kwa lita 2 kila mmoja. Zinakufa kwa vitu vya bei rahisi: sponji ya nyuma haioshwi kila wiki, mashine imesukumwa ukutani haipati hewa, umeme unapanda na kushuka bila stabilaiza. Inaweza kuendelea kunguruma vizuri huku ikitoa hewa yenye oksijeni asilimia 60 tu. Pima usafi wa oksijeni kwa kipima maalumu kila mwezi, ikishuka chini ya 82 itoe ikatengenezwe. Na daima kuwe na mtungi mmoja uliojaa, regyuleta yake ikiwa imefungwa tayari. Spana ikiwa kwenye droo ya ofisi iliyofungwa, huo mtungi ni pambo.

---

MtabibuPwani

@FundiOksijeni hapo kwenye karatasi moja ya mhasibu umemaliza kazi. Kuna anayeuliza kwa ujumbe: je, tutengeneze CPAP ya mapovu (hewa ya shinikizo inayosukumwa puani ili mapafu yabaki wazi) wenyewe, mpira mmoja ndani ya chupa ya maji?

---

DaktariWatoto_Z

Tahadhari kubwa hapo. Dhaka, Bangladeshi, matokeo ya 2015 yalikuwa mazuri, lakini madaktari walikuwapo muda wote. Malawi, matokeo ya 2019, katika hospitali ya wilaya isiyo na daktari wa karibu kila saa, waliowekwa CPAP ya mapovu walikufa asilimia 17, waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Maji ni yaleyale na chupa ni ileile. Kinachotofautiana ni nani anaangalia tumbo likijaa hewa, nani anatoa kamasi, nani anaona mtoto amechoka. Kama usiku una nesi mmoja kwa watoto 40, usianzishe. Imarisha oksijeni ya kawaida kwanza.

Nigusie pia kulisha, maana wodi zinalisahau. Mtoto anayepumua 70 na zaidi au anayehangaika sana asinyonye moja kwa moja, maziwa yataingia mapafuni. Weka mrija wa kulishia: pima kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu. Hakikisha upo tumboni kabla ya kila mlo. Kwa kichanga anayehangaika, upitishe mdomoni ili pua zote mbili zibaki wazi. Maji ya kawaida ni mililita 100 kwa kilo kwa siku kwa kilo 10 za kwanza, lakini mapafu yakiumwa mwili unashikilia maji na sodiamu inashuka, kwa hiyo kwa mgonjwa mahututi wengi tunapunguza hadi theluthi mbili. Mtoto wa kilo 5: kama mililita 330 kwa siku, takriban 40 za maziwa ya mama yaliyokamuliwa kila saa 3. Akitapika, gawa kila saa 2. Dripu iwe ya mwisho, si ya kwanza.

---

Mfamasia_Bara

Samahani wakuu, nipinge kidogo. Mnasema virusi, virusi, mbona kila mtoto wodini anatoka na penisilini na gentamaisini? Na salbutamoli, na hidrokotisoni juu. Tunamaliza stoo kwa ugonjwa usiohitaji hata kimoja.

---

DaktariWatoto_Z

Nusu uko sawa, nusu nitakukatalia.

Steroidi (kama hiyo hidrokotisoni) kwa bronkiolaitisi, yaani uvimbe wa njia ndogo za hewa ambao RSV huuleta: hazisaidii, ziache. Salbutamoli, ya kupanua njia za hewa: kwa mtoto chini ya mwaka mwenye mlio wa filimbi kifuani msaada wake ni mdogo, ila mwongozo wa WHO unaruhusu kujaribu hadi mara 3, kila baada ya dakika 15 hadi 20, kwa inhela na spesa (chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa vizuri inafaa). Hesabu pumzi kabla na baada. Kama hakuna kilichobadilika, andika "hakusaidika" na usimwandikie kila saa 4 kwa siku tano.

Antibayotiki ndipo ninapokataa. Huko kwenye kipimo cha RSV kitandani na daktari anayepita mara tatu, unaweza kuzizuia. Hapa, mtoto ana oksijeni 84, hanyonyi, X-ray hakuna, na huwezi kujua kama nyuma ya RSV kuna pneumokoka. Huyo mpe benzilipenisilini vizio 50,000 kwa kilo kila saa 6 na gentamaisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku. Ila kifua kinachobonyea bila dalili ya hatari, oksijeni ikiwa nzuri, ni amoksilini ya kunywa miligramu 40 kwa kilo mara 2 kwa siku, siku 5, akiwa nyumbani. Pale ndipo unapookoa stoo yako: kwa kutowalaza wasiohitaji kitanda. Tena kumlaza mwenye rhino kitanda kimoja na mwenye RSV ni kumzawadia RSV.

---

NesiWaZamu

Hilo la kitanda lichukuliwe kwa uzito. RSV inakaa saa kadhaa kwenye vyuma vya kitanda, na kichanga anaweza kuendelea kuitoa hadi wiki 4. Kama vitanda havitoshi, wapangeni kwa ugonjwa: wenye mafua na kifua kona moja, wenye kuharisha na utapiamlo kali mbali nao. Klipu ya oksimita ifutwe kwa spiriti kati ya mtoto na mtoto. Hii ndiyo inayozunguka wodi nzima, si stetoskopu peke yake.

---

MamaWawili

Na chanjo je? Nasikia kuna ya wajawazito.

---

Mfamasia_Bara

Ipo. Ya Pfizer, iliidhinishwa Marekani Agosti 2023. WHO imependekeza idungwe kuanzia wiki ya 28 ya mimba, dozi moja ya mililita 0.5 msulini. Lengo si mama, ni kingamwili zipite kwenye kondo la nyuma, na zinahitaji kama wiki 2 kabla ya kujifungua. Katika jaribio lake kubwa ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 81.8 ndani ya siku 90 za mwanzo, na asilimia 69.4 hadi siku 180. Ni unga unaochanganywa: ukishauchanganya una saa 4, na haigandishwi.

Njia ya pili ni nirsevimabu, kingamwili iliyo tayari, sindano moja kwa mtoto mwenyewe: miligramu 50 kama yuko chini ya kilo 5, 100 kama ni kilo 5 au zaidi. Uliza kliniki yako kama kimojawapo kimeshafika. Gavi (shirika linalosaidia nchi maskini kupata chanjo) waliiweka ya wajawazito kwenye mkakati wao tangu 2018, wakati huo wakisubiri idhini na pendekezo la WHO.

Wanaouliza kwa nini imechelewa miaka yote hii: kirusi kilitambuliwa 1956 kwa sokwe wenye mafua, na chanjo ya kwanza ya miaka ya 1960, iliyouawa kwa fomalini, iligeuka kuwa balaa. Watoto waliochanjwa waliugua zaidi walipokutana na kirusi, wengi walilazwa, na wawili walifariki. Hadi 2013, umbo la protini F (ile ambayo kirusi hutumia kuingilia selini) kabla haijabadilika lilipoonekana, ndipo njia ilipofunguka.

---

Takwimu254

La mwisho kwangu ni kalenda: msimu unaanza lini? Kilifi mlipuko huanza karibu na Novemba au Desemba na kufika kileleni mwanzoni mwa mwaka. Usiichukue kalenda hiyo ukaipeleka Kagera au Goma. Chukua rejesta ya wodi ya miaka mitatu, hesabu kila mwezi watoto chini ya miezi 12 waliolazwa na kifua kinachobonyea, chora mstari kwenye karatasi ya miraba. Pale unapopanda ghafla, rudi nyuma wiki 6. Hiyo ndiyo tarehe ya kuagiza mitungi.

---

FundiOksijeni

Na klipu za oksimita za watoto, mbili za akiba kwa kila mashine. Zinakatika waya pale kwenye shingo ya plagi.

---

MtabibuPwani

Imeandikwa. Mwenye karatasi ya mhasibu aliyoiandaa kwa wodi yake aitundike hapa, namba za hospitali zifutwe.